Jozi ya Tano

Tarehe 3 Februari

Baba,

Shikamoo. Bahasha hii usiikunje, na usiifungue mezani kabla Mama hajaondoa vyombo vya chai. Sijasahau mchoro wa mwaka juzi uliorudi kwangu na duara la kikombe, halafu kila mmoja wenu akamsingizia mwenzake.

Nimepata mnyama, na safari hii ni wangu. Unajua miaka tisa niko kwenye stoo hii ya makumbusho nikiwapanga na kuwaandikia lebo wanyama waliogunduliwa na watu wengine, wengi wao walishafariki, na nilishaanza kujizoesha kwamba fungu langu ndilo hilo. Mwezi uliopita mkuu wa idara akaamua rafu za chini zisafishwe. Kulikuwa na chupa moja ya vitu vya bahari, vilichotwa kwa wavu chini ya gati zamani sana na kuhifadhiwa kwa spiriti, lebo imeandikwa kwa penseli, spiriti imebaki robo. Akasema imwagwe. Nikamwomba anipe asubuhi moja.

Chini ya chupa kulikuwa na kitu kama vumbi jeupe. Ukikiweka kwenye hadubini unaona ni wanyama, jamii moja na kamba na kaa, ila hawa mtu mzima wao hafiki milimita moja. Nikimdondosha mmoja kwenye ukurasa huu utadhani ni nukta. Ana jicho moja tu katikati ya kichwa, na papasi mbili ndefu, zile nyuzi za kichwani za kupapasia, amezitandaza kama mtu anayejinyoosha asubuhi. Nimepata majike saba na madume manne. Nimepitia vitabu vyote tulivyonavyo, nimewaandikia watu watatu wanaojua mambo haya kuliko mimi, na hakuna aliyewahi kumwona. Baba, usingizi wenyewe siupati vizuri kwa furaha.

Utaratibu ni ule ule wa tangu nilipokuwa mwanafunzi: mimi nachora kwa penseli hapa kwenye hadubini, wewe unatia wino huko. Miguu nimeitenganisha kwa zile sindano ulizonichongea kwa waya wa springi ya saa. Mguu mmoja ulirushwa na chafya yangu, nikautafuta siku mbili, nikaukuta umenasa kwenye ukingo wa kioo. Mkuu wa idara ananiuliza kila siku kwa nini nisimpe kazi hii mwenzetu wa chumba cha pili anayechora kwa kompyuta, aimalize wiki hii hii. Namjibu kwamba baba yangu amefungua saa za akina mama kwa miaka arobaini, zile ndogo kama kifungo cha shati, na hajawahi kubakiza skrubu.

Karatasi ziko sita. Ya tano ndiyo kila kitu: ni jozi ya tano ya miguu ya dume, na ndiyo itakayoamua kama huyu ni mgeni kweli au ni ndugu wa mtu tunayemjua. Iwekee uangalifu kuliko zote. Maelezo bado nayaandika, kwa hiyo fuata penseli tu. Jarida linafunga mlango mwisho wa Machi.

Viatu vya mwaka jana vimenikaa vizuri, asante.

Binti yako


Tarehe 21 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Bahasha ilifunguliwa kwenye meza kavu, mama yako akiwa shahidi. Duara la kikombe lilikuwa lake, andika hilo mahali.

Samahani kwa kuchelewa. Tangu nilipofunga duka nilidhani nitakuwa na muda wa kumwaga, kumbe kila mwenye saa mbovu mtaani ameshajua ninapokaa. Wanakuja saa za chakula, wanasema hawakai, wanakaa. Kwa hiyo mnyama wako nimemfanyia kazi alfajiri hadi saa nne, pale dirishani ambapo mwanga hauna ubishi. Kalamu niliyotumia ni ile ya ncha nyembamba kuliko zote, nimeisugua tena kwenye jiwe mpaka ikawa haisikiki kwenye karatasi.

Mbona ana miguu mingi hivi? Jozi nne za kuogelea, halafu ya tano juu yake. Mzazi wake angekuwa mimi, kwa viatu tu tungehama mji. Ila nimempenda. Vinyweleo vya papasi nimevihesabu kimoja kimoja, na pale kwenye pingili ya kumi na nane ulipochora kimoja halafu ukakifuta, nimekiacha kikiwa kimefutwa.

Karatasi ya tano nimeikalia siku nne, kama ulivyoagiza. Niliona ulikuwa umechoka ulipoichora, hata penseli imekuponyoka. Usiwe na wasiwasi, sasa imetulia.

Kifurushi cha viatu kinafuata. Cha kushoto nimekiwekea ndani kisoli kipya cha gome la kizibo, unene ule ule, nimekipima mara tatu. Cha mwaka jana kitakuwa kimeshabonyea, na sitaki utembee ukiinama upande mmoja mbele ya wakubwa zako. Huo mguu wako sijui kama umebadilika. Nadhani ungesema.

Baba yako


Tarehe 11 Mei

Baba,

Shikamoo. Michoro ilifika tarehe thelathini na moja Machi, saa nane mchana, na saa kumi mlango wa jarida ulikuwa unafungwa. Niliipitisha kwenye mashine na kuituma hata bila kukaa. Asante sana. Kila mtu hapa aliisifu.

Wasomaji wa jarida, wale wanaokagua kazi kabla haijachapishwa, wamerudisha majibu. Kuna marekebisho madogo madogo, ya kawaida tu, hasa kwenye karatasi ya tano. Usijisumbue nayo, nitaimalizia huku huku, maana posta inakula muda na wametupa hadi katikati ya Julai.

Nilikuwa nafikiri pia, Baba, lini mara ya mwisho ulipimwa macho? Ile lenzi umeibana jichoni tangu kabla sijazaliwa. Siyo vibaya ukayapumzisha. Na hata kazi zijazo tunaweza kuzigawa, wewe ukachukua zile kubwa kubwa, samakigamba na wengineo.

Viatu vimefika. Vimenitosha kabisa.

Binti yako


Tarehe 24 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimekuelewa.

Nilikwenda kupimwa macho. Daktari anasema hayana tatizo, miwani iendelee ile ile. Karatasi aliyoniandikia naiambatanisha, kwa sababu mtu anaweza kudhani nasema tu.

Karatasi tupu ulizoniachia zimebaki kumi na moja. Nazirudisha pamoja na chupa ya wino, maana ni mali ya ofisi yako na huyo mwenzako anaweza kuzihitaji. Kalamu ni zangu.

Samakigamba siwajui.

Baba


Tarehe 2 Juni

Binti yangu mpendwa,

Huyu ni mama yako, na baba yako hajui kama naandika. Yuko nje anamsikiliza jirani, ambaye saa yake ni nzima, ila amechoka kukaa na mkewe.

Mlichofanyiana nyinyi wawili sikipendi. Tangu ile barua yako ya Mei, kalamu zimerudi kwenye kopo lake na kopo limepanda juu ya kabati. Asubuhi anaamka saa ile ile, anakaa dirishani, mikono magotini. Juzi nilimpa vitunguu akate ili apate kitu cha kufanya, akavikata vyote vikatoka unene mmoja, nusura nilie, na si kwa vitunguu. Jana ameniuliza kama namwona akitetemeka. Mimi nimelala karibu na mikono hiyo maisha yangu yote, haitetemeki.

Sasa nikwambie nilichokiona kwa macho yangu, kwa sababu naona wewe unadhani mzee haoni. Ile karatasi ya tano aliiona vizuri mno. Aliweka lenzi, akatazama, akaniita. Akasema, "Mama nanihii, mtoto amechoka. Angalia, mguu wa kulia ameuchora mzuri, una kucha, una kila kitu. Wa kushoto umemshinda, ameuacha mfupi." Nikamwambia labda ndivyo ulivyo. Akasema hakuna kitu chenye jozi kinachotengenezwa hivyo, kingetembeaje. Akaigeuza karatasi, akaibandika kwenye kioo cha dirisha, akaunakili ule wa kulia upande wa kushoto. Siku nne. Alipomaliza alipiga mluzi, na unajua baba yako hapigi mluzi.

Hakukosea kwa uzee. Amekosea kwa mapenzi, na hilo ni kosa la siku nyingi humu ndani. Mwandikie ukweli wote, usimpe ile lugha ya ofisini. Kama una jambo jingine ulilomficha ili asiumie, liweke humo humo, bahasha ni moja.

Mama


Tarehe 13 Juni

Baba,

Shikamoo, na unisamehe.

Barua yangu ya Mei ilikuwa ya uongo. Wasomaji wa jarida hawakuomba marekebisho madogo. Mmoja wao aliandika hivi: "Maelezo yanasema miguu ya jozi ya tano hailingani, mchoro unaonyesha inalingana. Ama mwandishi hajui anachokiona, ama mchoraji haoni." Nilisoma nikiwa nimesimama, nikarudi kwenye karatasi yako, nikakuta miguu miwili mizuri ajabu, mapacha. Nikaogopa, Baba. Badala ya kukuuliza nikaamua mwenyewe kwamba macho yameanza kukuacha, na nikaona heri nikunyang'anye kazi taratibu usijue. Niliona huo ndio upole, na sasa naona aibu kuuita hivyo.

Kosa la mwanzo ni langu vilevile. Nilikwambia uiwekee uangalifu, sikukwambia kwa nini. Naomba nikwambie sasa, na unisamehe tena kwa kumwandikia baba yangu mzazi mambo haya, lakini ndiyo kazi.

Hawa wanyama hukutana majini, katikati ya maji, hakuna jiwe wala jani la kujishikiza. Dume akimpata jike ana muda mfupi sana. Mguu wake wa kulia una ile kucha iliyopinda uliyoipenda, na kazi yake ni kushika ili mwenzake asichukuliwe na maji. Wa kushoto ni mfupi, hauna kucha, una vinyweleo laini mwishoni. Huo ndio unaobeba kifuko kidogo cha mbegu na kukibandika kwa jike, pale pale panapotakiwa. Mmoja unashika, mwingine unatoa. Ukiipa yote miwili kucha, hakuna wa kutoa, na ukoo unaishia kwenye mchoro wako. Karibu ndugu zake wote wako hivyo, na kila aina haijalingana kwa namna yake. Sisi tunawatambua kwa hapo hapo. Huyu wa kwangu ule mfupi ni mfupi kuliko wa ndugu yeyote aliyeandikwa, na hicho ndicho kinachomfanya awe mgeni.

Mwenzangu wa kompyuta ameichora upya kwa mchana mmoja. Ni sahihi, kila urefu uko sawasawa na wa penseli. Nimeitazama wiki mbili na sijaituma. Michoro mingine mitano ni ya mkono wako, na ukiweka hii katikati unaona kabisa kwamba mtu aliondoka chumbani.

Kuna jingine. Visoli vyako sivivai.

Wiki ya kwanza nilipofika huku mvua ilinikuta njiani, viatu vikalowa, nikakitoa kisoli kikauke, nikaenda kazini hivyo hivyo. Njia ni ndefu na ina mteremko. Sikuanguka. Niliinama kushoto kama ninavyoinama, mtu mmoja alinitazama, nikamtazama. Jioni mgongo ambao ulikuwa unaniuma kila siku, na sikuwahi kukwambia kama unauma, ulikuwa umenyamaza. Kesho yake sikukirudisha. Navivaa tu nikija nyumbani. Hapa viko tisa kwenye droo ya chini, nyuma ya lebo tupu, kila mwaka kimoja. Sijatupa hata kimoja kwa sababu kila kimoja kina alama zako za penseli, ulipopima mara tatu.

Sikukwambia kwa sababu nilidhani utaumia. Mama anasema niandike yote, nami nimeandika.

Nakurudishia karatasi kumi na moja na chupa ya wino. Mchoro wangu wa penseli umo pia. Mguu wa kushoto ni mfupi, Baba, na sikuchoka nilipouchora. Nakuomba unitilie wino wewe. Kama hutaki nitaelewa, ila sitampa mtu mwingine, nitauacha na penseli yake waukatae wakitaka.

Na jina bado sijampa. Kwa haki ni lako.

Binti yako


Tarehe 4 Julai

Mwanangu,

Marahaba.

Karatasi ya tano imo, kati ya vipande viwili vya kadibodi. Usiitume tena bila kuitazama. Nimeirudia mara nne, ndiyo maana karatasi zimebaki saba. Mara ya kwanza kalamu ilipofika mwisho wa ule mguu mfupi, mkono ukaendelea wenyewe kuurefusha, nikaharibu. Mara ya pili hivyo hivyo. Ya tatu niliufupisha mno kwa kuogopa. Ndipo mama yako akachukua kiti, akakaa pembeni na kazi yake ya kufuma, na kila mkono wangu ulipotaka kuendelea alisema, "Wacha." Tumemaliza saa tano asubuhi. Vile vinyweleo vya mwisho, vile laini vya kutoa, nimevitia wino huku nimezuia pumzi, na nilipomaliza nikaona kwamba ule mguu haukosi kitu. Nilikuwa nautazama na kuona pengo tu.

Huyo aliyeandika kwamba mchoraji haoni, usimjibu vibaya. Amesema kweli kwa njia ya mtu asiyenijua.

Sasa kuhusu visoli. Nilijua.

Mwaka juzi ulipokuja, nilikuwa chumbani nikakusikia unapanda ngazi. Kazi yangu ni kusikiliza, mwanangu. Saa ikilazwa vibaya inagonga vibaya, huhitaji kuifungua. Ulipanda na viatu vyangu kama mtu aliyeazima viatu vya mwenzake. Halafu ukavivua mlangoni, ukaenda jikoni peku kumsalimia mama yako, na hapo nikasikia mwendo wako. Mmoja mrefu, mmoja mfupi, mmoja mrefu, mmoja mfupi, na hauna wasiwasi hata kidogo. Nilikaa kitandani nikausikiliza mpaka ukanyamaza. Kisha nilitoka tukanywa chai, nikakuuliza kama viatu vinabana.

Unaweza kuniuliza kwa nini niliendelea kuvituma. Nimejiuliza mwenyewe. Ulipokuwa na miaka minne ulianguka kwenye ngazi za duka langu, na wateja wawili wakacheka. Siku ile ile nilikata kisoli cha kwanza. Nadhani waliohitaji kurekebishwa ni wale wawili, ila viatu vilivyokuwa mkononi mwangu vilikuwa vyako. Basi nikazoea. Na ulipokwenda mbali niliendelea kukata, kwa sababu sikujua baba mwingine huwa anatuma nini.

Hilo la mgongo ndilo sikulijua. Hilo limeniuma, na sitalificha. Miaka yote ile ungesema.

Jina langu usimpe. Haiwezekani mnyama akaitwa kwa jina la mtu aliyetaka kumnyoosha. Mpe la mkuu wako wa idara, aliyesema amwagwe, alisome kila siku kwenye lebo. Au mpe la mama yako, kwa kuwa ndiye aliyesema labda ndivyo ulivyo, na hakuna aliyemsikiliza. Nimemwambia. Anajifanya hataki, lakini ameshauliza mara mbili litaandikwaje.

Kopo la kalamu liko mezani. Ukiwa na mwingine mlete, hata kama hana jozi kabisa.

Kwenye kifurushi kuna viatu, namba yako ile ile. Nimeingiza mkono mpaka kwenye ncha ya kile cha kushoto kuhakikisha, na hakuna kitu ndani. Vyote viwili viko kama vilivyotoka dukani. Ukija Desemba panda navyo ngazi, mimi nitakuwa chumbani nasikiliza.

Baba